Propela Imechomelewa

Baba Neema, mume wangu,

Leo nilikwenda Ilemela, kwenye karakana yetu, na nimerudi na habari ambayo ningetaka uisikie wewe kwanza. Ile ndege ya zamani ya jeshi wameipandisha juu ya nguzo ya zege, karibu na geti.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi nilikuwa fundi mgeni, wewe ukapewa kazi ya kunielekeza. Ulinifundisha kuzungusha propela kwa mkono, taratibu, ili mafuta yasituame kwenye silinda za chini. Nikakuuliza kwa nini tuhangaike na ndege isiyoruka tena. Ukasema, "Hairuki, lakini haijafa." Tulioana tukiwa bado na grisi kwenye kucha. Mama yako alinisugua vidole kwa ndimu asubuhi ya harusi, huku analalamika.

Kila Jumanne tuliisogeza kidogo matairi yasibonyee upande mmoja. Tuliiosha, tukawatoa wale wadudu wa ziwani waliojazana kwenye matundu ya injini. Hata figo zako ziliposhindwa ulikuja, ukakaa kivulini ukinielekeza kana kwamba sijui. Wiki ile ya mwisho, hospitalini, ulinishika mkono ukaniomba nisiiache propela igande. Nikakuahidi. Hilo nililiweza, wewe nilikuwa nakutazama tu.

Leo nilikuta injini imeshatolewa. Kijana mmoja alikuwa juu ya ngazi anachomelea propela isizunguke. Nikamwomba ofisa aliyesimamia kazi hiyo waiache izunguke, nitakuwa nakuja kuitia grisi mwenyewe. Akaniamkia kwa heshima, akaniletea kiti.

"Mama, nakuelewa," akasema. "Lakini watoto watapita chini yake, na huku upepo ni mkali. Siwezi kuiacha."

Alikuwa sahihi, Baba Neema. Angekuwa mkorofi ningegombana naye, ningepiga hata kelele. Nikakaa pale mpaka cheche zikaisha.

Walipomaliza, vijana walipiga picha chini ya bawa, wakaniita nisimame katikati yao. Mmoja akanionyesha kwenye simu. Wenzangu wote wanacheka. Mimi nimeiachia mikono mbali kidogo na gauni, kama mtu aliyepokonywa mzigo na hajaambiwa unapelekwa wapi.

Pumzika, mume wangu. Mimi nipo tu.

Mkeo,
Mama Neema