Bahari Haikumla Muthamia

Mahé, Shelisheli
13 Februari 2019

Kwa ndugu yangu Marete,

"Bahari si ya watu wa mlima, na tayari imemla mmoja wetu." Hivyo ndivyo ulivyosema mbele ya wageni wote siku mliyokuja kwangu Kianjokoma kuniaga, kikombe cha chai yangu kikiwa mkononi mwako. Nimekaa na maneno hayo siku nne majini na leo nayajibu; barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu, nawe unijibu hivyo hivyo. Lakini tusianze vita kabla ya salamu. Hamjambo hapo Laare? Mgongo wa mkeo umepata nafuu? Miraa imepata mvua? Mimi ni mzima, ila nilitapika siku mbili mfululizo.

Bahari si ya watu wa mlima: nani kakuambia? Kila ukialikwa harusini unasimama kuwasimulia vijana kwamba Wameru walitoka Mbwaa, wakakimbia utumwa wa watu wa nguo nyekundu, maji yakagawanyika wakavuka. Unasimulia mpaka jasho linakutoka. Mbwaa ni kisiwa, Marete. Kisiwa huzungukwa na nini? Mlima tuliupanda baadaye. Nimefundisha historia miaka thelathini na tano, nikiwaonyesha watoto wa Embu bahari kwa ncha ya kijiti kwenye ramani iliyochanika. Sasa nimestaafu, mume wangu Njeru yuko kaburini miaka saba, na nimeingia mwenyewe ndani ya ramani, kwa meli ya watalii, siku mia moja na tano. Sikuomba ruhusa, na sitaiomba nikirudi.

Sasa kosa lako. Siku ya pili, mama wa Kifilipino anayehudumia chumba changu aliniuliza kwa adabu kama kuna kitu kimekufa ndani ya sanduku langu. Nikalifungua. Chini ya sweta nikakuta kitita cha miraa kimefungwa majani ya mgomba, na karatasi yenye mwandiko wako: "Kwa mzee wa meli. Mtunze dada yetu." Nililia kidogo, kisha nikawaka. Hujui kwamba bandari nyingi tunazokwenda huhesabu miraa kuwa dawa ya kulevya? Nilikipeleka mwenyewe kwa walinzi wa meli. Waliniketisha saa tatu wakijadili kama nishushwe hapa Mahé. Kilichoniokoa ni kwamba nilikileta kabla hawajakitafuta.

Binti yako Mwendwa na ayaandike haya. Pakia sanduku lako mwenyewe, na ulifungue tena kabla ya kulifunga, hasa kama una baba anayekupenda. Chagua chumba cha chini, katikati ya meli. Huko huyumbi sana. Tumbo likichafuka usijifungie ndani: panda juu, tazama mstari ambapo maji yanakutana na mbingu, utafune tangawizi. Dawa zako na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zikae kwenye mkoba wa mkononi, maana sanduku hufika chumbani jioni.

Najua hupendi nimtaje. Ameitwa kwenye chuo cha mabaharia Mombasa, aripoti Jumatatu tarehe sita Mei akiwa na mzazi au mlezi wa kumtilia sahihi. Wewe unataka akasomee biashara kwenye chuo cha Nchiru, jirani na nyumbani, upande kilima na kumtazama kila Jumamosi. Basi jua kwamba kila ninachokiona humu nakiona kwa ajili yake.

Dada yako mkubwa,
Lenah Kiende


Laare
20 Februari 2019

Kwa dada yangu mkubwa Lenah,

Nashukuru Mungu hukushushwa. Sisi tu wazima. Mama Mwendwa anainama tena bila kupiga kelele, na mvua imekuja siku tatu tu, lakini imekuja.

Kuhusu kitita, wewe msomi umesahau kwenu? Mtu akienda kuomba jambo kwa mzee haendi mikono mitupu. Nahodha ndiye mzee wa hiyo meli na wewe ni mwanamke wetu uliye chini ya ulinzi wake. Nilikata vijiti hivyo mwenyewe kwenye mti wa babu, sikumtuma mtu. Kama hawajui heshima ni nini, hilo ni lao.

Hoja yako ya Mbwaa niliwasomea wazee. Mzee Njura alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie mwalimu maji yaligawanyika. Hatukuogelea. Mungu alitutoa huko kwa nguvu, sasa yeye anarudi kuchukua nini?"

Halafu, dada, mimi nilisema mambo mawili na wewe umejibu moja. La pili umeliruka kama mwanafunzi anavyoruka swali gumu. Nakupa nusu ya alama.

Huyo Mwendwa amenakili ushauri wako wote kwenye daftari. Juzi nimemkuta amefunga sanduku. Nikamwambia, "Fungua hilo sanduku." Akanijibu, "Nitafungua, baba. Shangazi amesema lifunguliwe kabla ya kufungwa tena." Umeona unachonifanyia? Hosteli ya Nchiru nimekwishamtafutia. Mambo ya Mombasa yaishe.

Ndugu yako,
Marete


Singapore
26 Februari 2019

Ndugu yangu Marete,

Salamu kutoka mahali ambapo shati hulowa kabla hujalivaa. Nafurahi mgongo umetulia. Mwambie mkeo asibebe magunia. Wanaume wa hapo hawajakatika mikono.

Mwambie na Mzee Njura kwamba Mungu aliyegawanya maji hakuweka kibao cha kutukataza kurudi.

Jana nilizungumza na afisa wa tatu wa meli hii. Ni mwanamke wa miaka ishirini na sita kutoka Kerala, mfupi kuliko Mwendwa. Kila siku anashika zamu mbili za saa nne kwenye chumba cha usukani, na watu elfu moja na mia mbili wanakula na kucheza dansi wakimtegemea yeye asisinzie. Nikamuuliza, "Baba yako alisema nini ulipoondoka?"

"Alisema nitazama."

"Na sasa?"

"Sasa ananiuliza nitamletea lini kofia ya nahodha, avae kanisani."

Sikupambii picha, Marete. Wafanyakazi wengi wanalala wawili wawili kwenye vyumba vya chini visivyo na dirisha, miezi tisa bila kuona nyumbani, ili abiria kama mimi tuulizwe kama tunataka samaki wa kuchoma au wa kukaanga. Wanaosafisha wana ngozi ya mikono iliyopasuka kwa dawa. Nimeyasema haya mezani, mzee mmoja wa Kiingereza akahamia meza nyingine. Kwa hiyo Mwendwa asome mkataba kila mstari kabla ya kuutia sahihi, na aingie kwa mlango wa maafisa, wenye shahada, si kwa mlango wa ndoo. Mlango huo uko Mombasa.

Mengine madogo: saa hubadilishwa kila baada ya siku chache, basi usiamini njaa yako, amini tangazo. Osha mikono kila unapopita penye bomba, maana ugonjwa wa tumbo ukiingia melini huzunguka vyumba vyote. Na abebe majani ya chai ya nyumbani. Chai yao ni maji yaliyopitiwa na kivuli cha chai.

Dada yako,
Lenah


Laare
4 Machi 2019

Dada,

Tu wazima, tunaomba nawe uwe mzima. Ushauri wa tangawizi na mkataba umefika na umeandikwa kwenye daftari.

Kaka yetu Muthamia. Bado nangoja jibu.

Ndugu yako,
Marete


Fremantle, Australia
7 Machi 2019

Ndugu yangu mpendwa,

Mimi ni mzima. Sijui kama utataka kuniuliza tena hali yangu ukimaliza kusoma, basi nimekujibu mapema.

Umesema kweli, niliruka swali. Nimebishana na wakuu wa shule, na maaskofu, na wahariri wa magazeti, na hakuna niliyemkimbia. Swali hili nimelikimbia tangu mwaka 1986.

Kaka yetu alipopanda meli Mombasa ulikuwa mdogo. Mliambiwa hakuandika kamwe. Aliandika, Marete. Aliandika barua tatu, zote kupitia shuleni kwangu, kwa sababu baba hakujua kusoma na Muthamia alijua nitamsomea. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba radhi kwa kuondoka bila kuaga. Ya pili ilisema ana kazi kwenye chumba cha injini, na amejifunza kuogelea. Ya tatu ilitoka Karachi. Alisema mkataba wake unaisha, na anaweza kurudi au kuchukua mwingine. Aliandika: "Baba, sema neno moja tu, hata likiwa la hasira, nitarudi."

Nilimsomea baba akiwa anapalilia. Hakusimamisha jembe. Alisema, "Usimjibu. Mtu aliyeacha shamba langu sina neno lake. Na mama yako asijue." Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nina mshahara wangu na kalamu yangu. Nikatii. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo siku niliyokuwa binti mtiifu, na ndiyo siku ninayoionea aibu. Nilimwandikia baada ya miaka miwili, baba alipokuwa mgonjwa. Barua ilirudi.

Sijui kama yu hai. Ninachojua ni kwamba bahari haikumla. Alikuwa amesimama gatini na mguu mmoja ukielekea nyumbani, akingoja neno, na sisi tukamnyima.

Dada yako,
Lenah


Auckland
25 Machi 2019

Marete,

Salamu. Nimepita bandari tatu bila barua yako. Nikasirikie, lakini kwa maandishi. Mwendwa hajambo? Mwambie maji ya bomba la hapa yananyweka, na viatu vya kufunga ni bora kuliko kandambili kwenye ngazi za chuma. Mwambie chochote.

Dada yako


Laare
12 Aprili 2019

Lenah,

Barua yako niliisoma nikiwa kibandani, wafungaji wamenizunguka wananingojea. Niliwaambia wote waende nyumbani. Siku hiyo Marete hakufunga miraa, na sokoni watu walidhani nimefiwa. Sikuwakatalia.

Mama alikufa akiamini mwanawe yuko chini ya maji. Kila Krismasi alimwekea sahani yake, na wewe ulikuwa unakaa meza hiyo hiyo ukiiangalia. Ulikulaje?

Kwa hiyo si bahari. Ni baba na wewe. Na mtu aliyenipotezea kaka ndiye anayetaka nimkabidhi binti yangu!

Sitakwenda Mombasa. Barua ya chuo nimeiweka ndani ya Biblia yangu na hakuna anayeigusa. Mwendwa haongei nami siku ya tisa leo. Anaweka chakula mezani, anaondoka.

Ni rahisi kuhubiri ukiwa juu ya meli, unaulizwa aina ya samaki. Wewe unaipenda safari yako kuliko damu yako. Ungekuwa na hakika na hayo unayosema, ungekuwa hapa.

Marete


Port Louis, Morisi
28 Aprili 2019

Kwa ndugu yangu Marete, na kwa Mwendwa, na kwa Mzee Njura ambaye najua husomewa barua zangu,

"Wewe unaipenda safari yako kuliko damu yako." Umekosea, na mara hii sitakujibu kwa historia. Nimeshuka. Asubuhi ya leo nimetoka melini na masanduku yangu mawili, zikiwa zimebaki siku ishirini na saba. Meli imekwenda Durban na Cape Town bila mimi. Unajua nimefundisha habari za Cape Town miaka mingapi, na kwamba ndiyo bandari niliyoingojea kuliko zote. Nimesimama gatini nikaitazama ikiondoka mpaka ikawa kama punje ya mtama. Mwendwa, andika hili pia: ukitaka kushuka kabla ya mwisho, toa taarifa siku tatu mapema, udai pasipoti yako ofisini mwao, na usitegemee kurudishiwa chochote.

Sikuwasalimu. Hamjambo? Mimi natembea kama mlevi, nchi kavu inayumba.

Uliniuliza nilikulaje. Nilikula nikiwa mwoga. Sina jibu jingine, na sitafuti la kunipamba. Lakini hapo unaposema mtu aliyenyamaza hana haki ya kusema, hapo nakukatalia. Anayejua kimya kinaua vipi ni yule aliyenyamaza. Siku ya tisa, umeandika. Leo ni ya ngapi? Baba naye alianza na siku tisa.

Jumatatu tarehe sita Mei, saa mbili asubuhi, nitakuwa kwenye geti la chuo. Kitambulisho changu ninacho, na fomu inasema mzazi au mlezi. Mwendwa ana miaka kumi na minane. Akija peke yake kwa basi la usiku, nitamtilia sahihi, ataingia, na hutakuwa na la kufanya. Hilo naliweza. Silitaki. Nikitia sahihi mimi, atakuwa ameondoka jinsi Muthamia alivyoondoka, bila neno la baba yake, na siku moja atasimama kwenye gati fulani akipima kama ana mtu wa kumrudia.

Mzee Njura, ulicheka vya kutosha. Sasa mwambie huyu aende.

Mwendwa, mpe baba yako mkono leo, kabla hujalala. Wewe ndiye mdogo. Anza wewe.

Na wewe Marete: itoe hiyo barua ndani ya Biblia. Kata tiketi mbili za basi pale mjini Maua, ukae kando yake mpaka Mombasa. Kama una hasira naye, mwambie hasira hiyo njia nzima, kwa sauti, abiria wote wasikie. Atakusikia, na atajua pa kurudi. Kisha utie sahihi kwa mkono wako mwenyewe. Mlete wewe.

Dada yako mkubwa,
Lenah Kiende