Jedwali la Pili na Mchumba wa Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Profesa kaipitisha sura ya tatu ya tasnifu yangu! Nimerudi nyumbani naelea. Sasa nieleze sababu — kwa nini kabila moja linakamatwa mara mbili zaidi ya mengine hapa mjini. Hapo ndipo penye utamu. Nimebandika jedwali la pili, la waliokamatwa kwa kila kabila, kwenye mlango wa friji, nilitazame kila nikipita. Chai, viatu nimevua, raha tupu.

Jumatano, 6 Machi
Jedwali limesomwa. Na Mama.
Mdogo wangu kaposwa na fundi friji — yule yule aliyetengeneza friji yetu, kisha akaisingizia magonjwa mapya ili apate kurudi. Ni wa kabila hilo. Mama kavaa miwani, kidole kwenye safu ya pili, safu yao, akasema hamwozi binti yake kwa watu wa namna hiyo. Na si maneno ya mtaani, ati, ni utafiti wa mwanawe mwenyewe. Miaka yote ananiuliza sosholojia ni kazi gani. Leo ndiyo ushahidi wake.
Mdogo wangu hanisemeshi. Chumvi ananipa kupitia Baba.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemweka Mama kitako. Wengi wao ni vijana, nikasema, na vijana wa kabila lolote ndio wanaokamatwa. Wanabanana chumba kimoja, kwa hiyo soga wanapigia barabarani, na doria inapita huko, kwetu haipiti. Kazi wananyimwa kwa jina tu. Halafu jedwali linahesabu waliokamatwa, si waliotenda kosa. Wengi wanaachiwa bila hata kushtakiwa.
Mama akaendelea kukata vitunguu. Kasema nimeeleza vizuri, hata redioni ningefaa. Ila fundi, ng'o.
Baba kanikonyeza, kanishauri nibandue ile karatasi. Nimebandua.

Jumamosi, 9 Machi
Baba kambembeleza, Mama kalegea. Fundi aje kesho saa saba — kuonwa tu, kasisitiza, si kukubaliwa. Mdogo wangu kanisemesha! Tumefua mapazia pamoja, tumecheka mpaka mbavu zinauma. Nina furaha, basi tu.

Jumapili, 10 Machi
Naandikia dirishani. Fundi kawahi mno, na kwa adabu zake hataki kubisha kabla ya saa aliyoambiwa. Kasimama nje ya geti, shati limenyooka, boksi la zawadi mkononi. Mdogo wangu bado anasuka nywele. Nilitaka nikamwite, Mama kanizuia, anataka kumtazama kwanza. Tukachungulia nyuma ya pazia wawili kama watoto. Mama kakiri shingo upande kwamba fundi pasi anaijua.
Gari la doria limesimama. Huku halipitagi — nadhani jirani kapiga simu. Askari wawili wameshuka. Boksi wamelifungulia juu ya boneti. Fundi anawaonyesha nyumba yetu. Hawageuki hata kuitazama.
Mama kauliza kaiba nini. Hajaiba kitu, nikasema, kasimama tu. Kisha kaniuliza taratibu: wakimpandisha garini, ataingia kwenye lile jedwali langu?
Ndiyo, Mama. Safu ya pili.
Sasa Mama yuko nje, peku, upawa mkononi, anawapigia kelele wamwache mkwe wake. Askari mmoja kageuka. Mwingine keshafungua mlango wa gari —