Kompyuta Iliyobaki Mwaka Jana

Jumatatu, 5 Juni 2006

Ukungu tangu asubuhi. Umeme umerudi saa nne. Nimewasha kompyuta, nimeenda kuchemsha chai, nimerudi bado inajiwasha. Halafu lile dirisha jekundu: antivairasi imepitwa na wakati, tafadhali apdeti. Nimebonyeza. Simu ya waya, ndiyo intaneti yetu, imelia kama mbuzi anayechinjwa, imeunganisha, imekata. Nimerudia, imekata. Nimerudia tena, shemeji akanyanyua simu chumbani kwake kumpigia mteja, ikakata.

Wageni wanangoja majibu ya barua pepe zao. Wangoje.

Mafolda yameanza kujizaa. Nafungua folda, ndani nakuta lingine la jina lile lile. Nalifungua hilo, halifunguki. Folda la Picha nalo limeingia mkumbo. Wiki iliyopita nilikuwa nalifungua vizuri. Picha zote za Lazaro, mume wangu, zimo humo na hazipo kwingine duniani.

Jumanne, 6 Juni

Sijalala vizuri. Niandike yote, nikinyamaza nitapasuka.

Kamera ya dijitali Lazaro alipewa na mgeni mzee aliyemwongoza kutazama wanyama kreta. Lazaro akapiga kila kitu. Watoto, mimi nikipepeta maharage, yeye mwenyewe kwa kunyoosha mkono. Hatukusafisha hata moja. Alisema tutasafisha zote kwa pamoja Krismasi tukishuka Arusha. Mei mwaka jana akafa. Homa ya siku chache, basi. Tukampeleka kwao Marangu, akazikwa migombani. Siku ya kumaliza msiba ukoo ukagawa nguo zake kama ilivyo desturi. Koti, viatu, saa. Na kamera ikaletwa. Nikasema hiyo si nguo. Mzee mmoja akajibu kwamba kinachovaliwa shingoni ni nguo. Wote wakaitikia. Akapewa Prosper, mdogo wa marehemu, ndiye shemeji huyu. Prosper akafuta vilivyokuwemo apate nafasi ya kupiga picha za mahema.

Kufa kufaana. Kampuni ya kampsaiti, kambi za mahema za watalii, tuliianzisha watu watatu, sasa ni ya Prosper peke yake. Mimi karani. Kompyuta ambayo Lazaro alihamishia picha zake ni ya Prosper. Hata kiti ninachokalia.

Picha za harusi ziliisha kwa mchwa tulipokuwa tumepanga Mto wa Mbu. Ile ya msibani ilikuzwa kutoka kwenye leseni ya udereva, uso umekuwa moshi mtupu. Anna ana miaka saba, anamkumbuka baba yake. Elibariki ana mitano, na juzi ameniuliza kama baba alikuwa mnene.

Nikamjibu hakuwa mnene. Akasema, "Alikuwaje?"

Jumatano, 7 Juni

Nimemwita Fundi Tluway, yule wa Endamarariek anayetengeneza redio na siku hizi kompyuta. Amekaa, ameguna, amebonyeza. Kasema leseni ya antivairasi imeisha ndiyo maana haifanyi kazi, na dawa yake ni rahisi: irudishe tarehe nyuma, mashine idhani leseni bado ipo. Ofisi zote za mjini zinafanya hivyo, kasema. Akairudisha hadi Machi mwaka jana.

Kweli, dirisha jekundu limetoweka. Tluway kafurahi, kanywa chai, kaondoka.

Nimebaki naangalia pembeni pale chini ya skrini. Machi 2005. Machi 2005 Lazaro yuko hai, yuko barabarani na wageni, atarudi jioni na vumbi lake lote. Nimechukia kweli. Nimebandika karatasi juu ya saa ile nisiione.

Alhamisi, 8 Juni

Mafolda bado yanajizaa. Antivairasi inasema kila kitu salama. Dawa za mwaka jana kwa ugonjwa wa mwaka huu.

Flashi haisomi. Hii ni Windows ya tisini na nane, ukichomeka flashi inakuangalia tu. Nikakumbuka disketi. Nimenakili folda la Picha kwenye disketi nikitegemea litakataa kwa ukubwa. Likaingia! Lote! Na nafasi ikabaki. Nimetoka mbio hadi intaneti kafe karibu na stendi, natembea peke yangu nacheka. Nimemkabidhi dada anayesimamia, Rehema, nikamwambia nataka zihamie kwenye CD.

Mashine yake ikapiga kelele palepale. Akaichomoa disketi kwa ncha za vidole. "Mama Anna, humu hamna picha hata moja. Humu kuna virusi tupu, vimejivika sura ya folda." Watu wote wakageuka. Akanisihi nisirudi na disketi mpaka kompyuta yetu ipone.

Kumbe nilichobeba kifuani njia nzima ni ugonjwa wenyewe.

Jumamosi, 10 Juni

Shemeji kaja na tabasamu lake la kuomba asichohitaji kuomba. Kampsaiti mpya ya Engaresero inataka kompyuta ya mapokezi. Atapeleka hii. Itafomatiwa kwanza, yaani ifutwe kila kitu, iwe safi. Ofisini ataleta nyingine kutoka Arusha. Nimemwambia kuna picha za kaka yako humo. Kasema, "Sasa shemeji, si uzitoe? Gari linaondoka tarehe ishirini na nne."

Si uzitoe! Kama ninachuma mchicha.

Tluway simpati. Kombe la Dunia limeanza, yuko kwenye banda la video, na huko hata nyumba yake ikiungua hatatoka.

Jumatano, 14 Juni

Joshua, dereva wetu, ameniletea CD kutoka Arusha. Nilimwomba apite kwa mtu mwenye intaneti ya kasi ampakulie apdeti mpya. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya, dawa ya kompyuta inapanda na Landi Rova pamoja na nyanya na mikate ya wageni. Mungu ambariki, hakusahau.

Nimeiweka. Imekataa. Eti apdeti hii ni ya tarehe ambayo bado haijafika. Ujinga wa Tluway huo! Nimerudisha tarehe ya kweli. Dirisha jekundu likarudi: leseni imeisha. Nikidanganya tarehe, haipokei dawa. Nikisema kweli, haifanyi kazi. Nimekaa na hilo mpaka umeme wa mgao ukakatika, nikashukuru.

Ijumaa, 16 Juni

Nimejaribu programu nyingine kutoka kwenye CD ileile. Inataka Windows mpya zaidi. Ya tisini na nane haihudumiwi tena, asema Joshua, huko zinakotoka wameshazizika.

Tisini na nane ndio mwaka nilioolewa. Kwangu ni jana tu. Wao wameshazika.

Elibariki ana kikohozi. Baridi ya Juni hii haina adabu.

Jumanne, 20 Juni

Joshua tena. Safari hii ameleta antivairasi ya bure, toleo la zamani ambalo bado linaielewa tisini na nane, na faili la apdeti la mwezi huu pembeni. Mtu wa Arusha amemwandikia hatua zote nyuma ya pakiti ya biskuti. Nimeondoa ile ya zamani. Nimewasha upya. Nimeweka hii. Nimewasha upya. Nimeilisha faili la apdeti. Nimeshika roho.

Imepokea! Tarehe ya kweli, dawa ya kweli. Nimepiga kelele mpaka wapishi wamekuja kuangalia. Nikawaambia ni panya.

Umeme umekatika kabla sijaanza kusafisha. Kesho zamu yetu ya giza. Basi keshokutwa.

Alhamisi, 22 Juni

Imeanza asubuhi. Imetambaa siku nzima, faili moja baada ya jingine. Mistari myekundu ikajaa skrini. Mamia. Ikauliza: nifute vyote vilivyoambukizwa? Nikamsubiri Tluway, safari hii amekuja kwa vile hakukuwa na mechi ya mchana. Tluway kasema futa, mama, hivyo ni virusi. Mimi mwenyewe niliona ni sawa. Tukafuta.

Ikamaliza. Kompyuta safi. Nikafungua pale folda la Picha lilipokuwa. Hapana kitu. Peupe. La Watoto, hapana. La Kreta, hapana. Tumetafuta kwa jina, hapana.

Tluway akavua kofia. Kasema, "Pole, mama. Dawa kali huua na mgonjwa."

Nilienda chooni nikalia huko, maana ofisini shemeji alikuwa na wageni.

Ijumaa, 23 Juni

Nimemwambia shemeji achukue. Kauliza kama nimeshatoa vitu vyangu. Nimesema sina kitu humo.

Tluway kaifomati mchana, mbele yangu. Ilichukua muda mrefu. Ile namba ya asilimia ikapanda taratibu hadi mwisho. Nimeandaa chai ya wote wawili. Macho yangu yalikuwa makavu kabisa. Msiba wa pili hauna matanga.

Jumamosi, 24 Juni

Gari limeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta imefunikwa blanketi isipate vumbi la njia ya Ziwa Natron. Lazaro hakufunikwa vizuri hivyo.

Jumatano, 28 Juni

Lazima niandike.

Kompyuta mpya ya ofisi bado haijafika, kwa hiyo nimetumwa intaneti kafe kujibu barua za wageni. Pembeni yangu yuko mwongoza watalii mmoja kijana wa kampuni nyingine, ameleta flashi, analalamika kwamba mafolda yake yote yameliwa na antivairasi. Maneno yaleyale yangu. Nikamwonea huruma, nikataka kumwambia azoee. Rehema akaja, hata hakukaa. Akafungua kwenye menyu, sehemu ya mipangilio, akaweka alama mahali panaposema onyesha mafaili yaliyofichwa. Akabonyeza sawa.

Mafolda yakatokea. Yote. Yamefifia kidogo, lakini yote. Kijana akapiga makofi.

Rehema akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya vocha, kwamba kirusi hiki hakili kitu. Kinaficha folda la kweli, halafu kinakaa mlangoni kwa jina lake. Ukiua kirusi, la kweli linabaki hapohapo, limefichwa tu. Watu wengi wanadhani limefutika, kasema, wanafomati bure.

Wanafomati bure.

Nimeuliza kama na kwenye tisini na nane ni hivyo. Kasema ni hivyohivyo. Nimeuliza kama baada ya kufomati zinarudi. Akanitazama, nadhani ndipo alipokumbuka disketi yangu. Kasema labda kwa mafundi wakubwa Dar, kama hakuna kilichoandikwa juu yake. Imeshaandikwa. Joshua kasema waliijaza programu siku ileile ilipofika Engaresero.

Sikujibu hata barua moja ya wageni. Nimetoka.

Zilikuwemo. Alhamisi ile ninalia chooni, zilikuwemo. Ijumaa ninaandaa chai, zilikuwemo. Nimesimama na kikombe mkononi namwangalia mume wangu anafutwa, na mimi ndiye niliyesema chukua.

Alhamisi, 29 Juni

Nimemfuata Tluway kwenye banda la video. Nimemtukana mbele za watu, Kiswahili kikaniishia nikamalizia kwa Kichagga. Akainamisha kichwa. Kasema hakujua, mama, hakuna aliyemfundisha, anajifunzia kwenye mashine za watu. Hilo ndilo limeniudhi zaidi, kwamba ni kweli. Nilikwenda kutafuta mbaya nikakuta mtu asiyejua kitu, kama mimi.

Mbaya wangu ni yale maneno ya msibani, kwamba kinachovaliwa shingoni ni nguo.

Jumapili, 9 Julai

Baada ya ibada nimemwomba shemeji aje na kamera, apige watoto. Alishangaa, tangu msiba sijawahi kumwomba kitu. Amekuja. Watoto wamesimama mbele ya ua wa mikaratusi, Anna kapiga magoti. Halafu nikamwambia anipe kamera, asimame yeye. Kakataa, kasema hajajiandaa. Nikamwambia simama tu, shemeji, ni kwa ajili ya watoto. Kasimama. Jua linampiga usoni, kakunja ndita. Nikasogea karibu, nikapiga uso tu. Nikapiga tena.

Mkono wangu ulikuwa imara. Nilimshukuru, akaondoka na kamera yake.

Jumapili, 16 Julai

Joshua kaleta picha zilizosafishwa. Mchana tulivu, Anna yuko kwaya. Nimekaa na Elibariki kitandani, nimemwonyesha ile ya Prosper, baba yake mdogo. Nimefunika mdomo na kidevu kwa kiganja, yakabaki macho, nyusi na paji la uso. Nimemwambia kuanzia hapa kwenda juu, hivi ndivyo baba alivyokuwa.

Kaangalia muda mrefu. Kaniuliza mbona baba amekasirika. Nimemwambia hakukasirika, ni jua. Akataka niondoe mkono aone na huku chini. Nimemwambia huku chini si yeye, akakubali, akaendelea kuangalia. Kisha tukaenda kuchambua maharage.