Difu Uliyotutumia kutoka Perth

Kirurumo,
Naro Moru.
14 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Gathogo,

Pokea salamu zangu, za Mama na za nyumba nzima. Hujambo wewe? Mkeo Mercyline naye hajambo? Ule mgongo uliokuwa ukimsumbua baada ya zamu za hospitali umetulia? Na binti yenu ameizoea shule mpya? Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limeanza tena kuuma kwa sababu ya baridi, lakini bado anakwenda zizini mwenyewe na hataki kushikwa mkono.

Mvua za vuli zimeshuka kwa nguvu, na mlima hatujauona kwa siku tisa. Viazi vimeota vizuri. Yule ndama uliyemwacha hapa sasa ni ng'ombe kamili, na wiki iliyopita amezaa jike.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono, kisha niipige picha barua hii na kukutumia kwa simu, kwa sababu kila nikikupigia, mazungumzo yetu huishia katika vicheko na habari za hali ya hewa. Naomba uisome kwanza ukiwa peke yako.

Jambo lenyewe ni difu.

Pikapu ya kikundi chetu cha maziwa unaijua: husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Unaujua pia mpando wa kutoka mtoni hadi malango ya juu tunakochukua maziwa, ambao ukinyeshewa huwa utelezi mtupu. Kwa miaka mingi tumepakia mifuko ya mchanga nyuma ili magurudumu yashike ardhi. Tumefunga minyororo, mpaka majirani wakalalamika kwamba tunawachimbia barabara. Ndipo wewe ukatuambia kwamba dawa imo ndani ya difu, lile bonge la gia linalogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma. Ulieleza vizuri hata mimi niliyefundisha historia nikaelewa: difu ya kawaida hulipatia nguvu gurudumu linaloteleza na kuliacha limesimama lile lenye mshiko, ilhali difu ya kujifunga huyalazimisha yote mawili yavute pamoja. Ukaahidi kututumia ya kujifunga, nasi tukakushukuru kwa moyo.

Sanduku lilipofika mwezi wa Agosti, tulilipokea jinsi tunavyopokea kila kitu kitokacho ng'ambo. Halikufunguliwa hadi kikundi kizima kilipokutana. Mchungaji aliomba, kisha tukaipitisha difu mkono kwa mkono, watu thelathini na wanne, kila mmoja akipigwa picha akiwa ameikumbatia kama mtoto wa ubatizo. Tulistaajabia uzito wake. Baadaye tukapanda nyuma ya pikapu na kuipeleka Kiganjo kwa fundi Wasike, tukiimba njia nzima. Naungama kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua difu ya kawaida inafananaje. Mtu pekee ambaye angejua ni Wasike, naye hatukumwalika, kwa kuwa si mwanachama.

Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta Oktoba. Pikapu ilifika katikati ya mpando, gurudumu la kushoto likazunguka kama cherehani huku la kulia limetulia tuli. Maziwa ya malango ya juu yalifika kituo cha kupozea yakiwa yamechacha, yakakataliwa.

"Ati difu ya ng'ambo!" alisema Nduta, mweka hazina wetu, akiteremka na mkebe wake mgongoni. "Hata punda yangu iko na difu kushinda hii."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana tayari nilikuwa nimeanza kumshuku Wasike. Alikuwa amekaa na pikapu siku tatu badala ya moja. Alikuwa amemkataza dereva wetu kusimama karibu wakati wa kazi. Isitoshe, ni mtu wa Bungoma, si wa huku kwetu, na nalisema hili kwa aibu, katika kichwa changu hilo nalo lilihesabiwa kuwa ushahidi.

Nikatafuta kipimo. Tuliinua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki, tukalizungusha la kushoto kwa mkono, na la kulia likazunguka kinyume. Difu ya kujifunga haifanyi hivyo. Basi nikasimama mbele ya kikundi na kutoa hotuba, nawe unaijua sauti yangu ninaposimama mbele ya watu. Nilisema kwamba mali yetu imebadilishwa Kiganjo. Kikundi kikaazimia kwamba Wasike asipoirudisha kabla ya mkutano wa Jumamosi tarehe 23, atashtakiwa kwa polisi, na wenye magari wote kutoka Kiganjo hadi hapa wataambiwa kwamba ni mwizi. Wanachama hawakungoja tarehe. Katika wiki moja gereji yake ilibaki na gari moja tu, nalo lilikuwa lake.

Jumatatu hii alikuja mwenyewe hadi uani kwetu, kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi nilifunga ile kitu mlileta," aliniambia. "Kujeni wote nifungue mkiona. Mkipata ni ingine, mnipeleke kwa polisi. Hata mimi nitatangulia."

Tulikwenda kesho yake, watu kumi na wanane. Aliitoa difu na kuiweka juu ya gunia. Nduta akatoa simu yake, akaikuza ile picha ya Agosti aliyopigwa akiwa ameikumbatia, akainama na kulinganisha namba iliyochongwa ukingoni. Alilinganisha mara tatu. Namba ni ile ile, Gathogo. Hata mkwaruzo ulio kando yake ni ule ule.

Kisha Wasike akachovya kitambaa katika petroli na kusugua. Rangi nyeusi ilitoka kwa urahisi, na chini yake palikuwa na kutu. Meno ya gia yamelika. Ni difu ya kawaida, iliyotumika miaka mingi katika gari la mtu mwingine, ikapakwa rangi.

"Sasa wewe fundi mzima," Nduta alimfokea, "uliona hii kitu ni bure na ukanyamaza?"

"Mama, mliileta mkiimba," alijibu. "Imeombewa na pastor. Ningesema hii ni sawa tu na ile natoa, si mngesema nimebadilisha?"

Na ndivyo hasa tulivyosema.

Sasa nakugeukia wewe. Mwezi wa Julai uliniambia kwamba difu imetoka kiwandani ikiwa na mafuta yake. Nimekuomba picha ya risiti mara tatu, na mara zote tatu umeniuliza kama mvua imenyesha. Tena mwezi wa Septemba, barabara ikiwa kavu na kabla mtu yeyote hajalalamika, uliniambia kwa simu, "Dada, ile ya zamani msiitupe." Siku ile nilidhani ni uangalifu wako. Tangu Jumanne sijaacha kujiuliza kwa nini mtu aliyetuma difu mpya aihangaikie ile ya zamani.

Huenda mwenye duka alikudanganya, ukatuma bila kufungua sanduku. Huenda ulijua. Ningependa mno liwe lile la kwanza, na ndiyo maana silitegemei. Mama sijamweleza. Jana aliniuliza kama nimekushukuru rasmi, nikamwambia naandika.

Nilimwomba Wasike msamaha pale pale gerejini. Aliukataa kwa adabu. Alisema nikauombe mahali nilipomshtakia, mbele ya masikio yale yale, la sivyo magari ya wateja hayatarudi uani kwake. Ana haki.

Kwa hiyo tarehe 23 nitasimama. Nitalitaja jina lake lote na kulisafisha, bila kujificha nyuma ya neno "tulikosea", maana niliyekosea ni mimi. Watauliza kosa lilianzia wapi, nami nitalitaja jina lako. Maneno yatakayofuata jina hilo utayaandika wewe kwa mkono wako, nami nitayasoma kama yalivyo. Yasipofika, nitasoma barua hii.

Msalimie sana Mercyline, mbusu binti yetu, na umfikishie salamu shangazi Watiri mtakapoonana kanisani. Mungu awalinde katika nchi ya watu, awape kazi yenye heshima na usingizi usio na lawama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,

Wakiuru