Mzigo wa Shangazi Cailian

Jumatatu, 5 Novemba 2018

Leo nimepongezwa. Simu inalia tangu asubuhi kwenye kikundi chetu cha watu wa Qingtian, kule China – wa hapa Belgrade, wa Budapest, wa Madrid, hata yule binamu wa mume wangu aliye Brazil ambaye sijawahi kumwona uso. Hongera Saiying! Mtoto kapata mtu wa kumpeleka! Vidole gumba, maua, fataki. Mimi mama mtu nimesimama sokoni nauza soksi, sina habari.

Kumbe Kuikui wangu, miezi saba, jino moja, anasafiri Ijumaa ya wiki ijayo. Shangazi Cailian atampakata kwenye ndege mpaka Qingtian, akalelewe na mama mkwe hadi afike umri wa shule. Ndivyo tunavyofanya sisi. Unazaa huku, unatuma kule, unapokea akishaota meno yote.

Binamu wa Brazil kajua kabla yangu. Ndugu tunao, jamani!

Nikamuuliza mume wangu, Bolin. Akasema si tulishakubaliana. Nani na nani? Yeye na mama yake. Ah, basi. Wametosha.

Jumanne, 6 Novemba

Mama yangu kaja kibandani kwangu na bakuli la tambi. Anauza mapazia safu ya nyuma yetu, hapahapa soko la Bloku 70. Nikadhani kaja kunitetea. Ha!

Acha uso wa msiba, kasema. Kila mtu anapeleka. Duka halina Jumapili, mtoto utamweka wapi, kwenye boksi la viatu?

Kuikui alikuwa kwenye boksi la viatu. La mabuti, kubwa, nimelitandika blanketi. Alikuwa amelala kama malkia. Sote wawili tukamtazama.

“Wewe si ulienda?” akasema. “Ulikufa?”

Sikufa. Nilikaa kwa bibi hadi miaka saba. Siku niliyoletwa huku, pale uwanja wa ndege palikuwa na mwanamke wa koti jekundu analia. Nikamwamkia kwa adabu zote nilizofunzwa: shikamoo, shangazi. Watu walicheka! Mpaka leo sherehe ikinoga, Mama anakisimulia kisa hicho, na anacheka kuliko wote. Halafu anaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo havijatumika.

Alhamisi, 8 Novemba

Karamu ya chama chetu. Mwenyekiti katuhutubia kuhusu mizizi. Sisi ni mti mmoja, matawi mabara yote, mizizi Qingtian. Katoa machozi kidogo. Watoto wake wote wapo shule ya Kiingereza hapahapa, lakini tusimwingilie mtu kwenye mizizi yake.

Nimekaa na akina mama wa rika langu. Kila mmoja simu imesimamishwa kwenye birika la chai, mtoto yumo ndani. Huyu kaanza kutembea. Huyu kaimba. Mtoto wa Liyan akaweka ulimi kwenye kioo, na Liyan akagusa palepale kwa kidole, upande wa huku.

“Wako anaitikia vizuri kwenye simu?” mmoja akaniuliza.

“Wangu huyu hapa mapajani.”

Wakamtazama kana kwamba nimekuja karamuni na kuku hai. Kisha kila mtu akataka kumbeba. Alizunguka meza nzima. Liyan alimnusa kichwani muda mrefu, nikajifanya nachambua miiba ya samaki.

Jumamosi, 10 Novemba

Shangazi Cailian kaja kumzoea mtoto. Huo nao utaratibu: anayempeleka lazima amchukue alasiri kadhaa, mtoto ajue harufu yake, asije akapiga mayowe juu ya mawingu. Mama mzazi atoke nyumbani. Na atoe fulana aliyoivaa bila kuifua, mtoto afunikwe nayo njiani. Kila kitu kimefikiriwa, isipokuwa mimi.

Nilitaka nimchukie. Haiwezekani! Mwanamke mnene, mcheshi, mapaja kama godoro. Kapeleka watoto wengi wa mji huu na hajapoteza hata soksi ya mmoja. Kaingia, kavua viatu, kamwambia Kuikui: njoo wewe, mchumba wangu.

Nikatoka nikazunguka jengo. Upepo wa kosava unakata masikio. Nikasubiri kilio.

Hakuna. Nimerudi, yuko kifuani kwa Cailian anacheka mpaka anapaliwa. Msaliti! Nimekubeba kwenye ngazi lifti ikiwa mbovu, mwanangu, na huu ndio ushahidi unaotoa?

Nikamwambia Cailian, kumbe hatalia. Akaninyoshea kola kama vile mimi ndiye mtoto.

“Hawalii wakienda, mwanangu. Wanalia nikiwarudisha.”

Halafu kauliza kama kuna mbegu za alizeti.

Jumatatu, 12 Novemba

Bibi Desanka wa ghorofa ya chini kanisimamisha kwenye ngazi. Alikuwa dereva wa tramu, sasa yuko nyumbani na paka. Kasema: niletee huyo mtoto asubuhi, mchukue jioni, mimi nafanya nini hapa, nahesabu madirisha? Nikamkumbatia na mifuko yangu yote.

Nikampelekea Bolin habari njema. Eti mtoto ataanza kula maharage na kabichi za kuviringishwa. Eti atamwita Mserbia bibi. Nikamwambia mimi nilimwita mama yangu shangazi, na hakuna aliyeitisha kikao.

Kampigia mama yake kwa video, tuonane usoni. Mama mkwe kanionyesha kitanda cha mtoto, cha rangi ya waridi. Kaniongoza nyumba nzima, ghorofa baada ya ghorofa, taa za vioo, makochi bado yana nailoni. Ameijenga kwa pesa za watoto wake walioko Ulaya. Hakuna hata kikombe kilichokaa vibaya. Nyayo zake zilikuwa zinatoa mwangwi mpaka huku.

Nilimwonea huruma, kweli. Mwanamke mzima, ghorofa tano, na hana wa kumkemea.

“Akibaki huko atakuwa mgeni kwetu,” kasema.

“Mama, naomba uje wewe umlee huku. Nitakupa chumba chetu.”

Katazama pembeni. Akasema na nyumba je, nani ataiangalia?

Basi nimesema haendi. Nimesema kwa Kichina, nikasema kwa Kiserbia, kisha nikasema kwa kufunga mlango. Bolin kasema tutaongea. Kwake hiyo maana yake ni kwamba hatutaongea.

Jumatano, 14 Novemba

Hatujaongea.

Tiketi ipo. Kijiji kizima kimeshaambiwa, mama mkwe ataficha wapi uso wake? Uso wa mama mkwe unatafutiwa mahali. Wangu ufike tu kazini saa mbili.

Binamu wa Brazil katuma video: namna ya kumwachisha mtoto ziwa bila machozi. Mwanamume huyo hana mtoto. Hana hata mbwa.

Nilipomnyonyesha leo jioni, Bolin kakaa ukingoni mwa kitanda. Kashika kisigino cha Kuikui kwa vidole viwili, kama anapima kitambaa. Mimi nililelewa na bibi nikawa mtu, kasema. Nikamwambia ni kweli. Nikamwuliza, mama yako akipiga simu mnaongea nini? Akafikiri. Akasema hali ya hewa. Hakuachia kisigino, wala hakusema asiende.

Baadaye Mama kaleta sanduku dogo, kalipanga mwenyewe: nepi, kofia, vijinguo vimekunjwa kama biskuti. Nikamwuliza, ulipokuwa unanipeleka, ulilia?

“Nilikuwa na kazi.”

Akafunga zipu. Akaifungua tena, akapanga upya kilekile.

“Ile fulana niliyokufunika,” akasema, “bibi yako aliifua siku ileile mliyofika. Alisema inanuka jasho.”

Miaka yote hiyo, na bado ana hasira na ndoo ya sabuni! Nikataka kumshika mkono. Akanipa kofia, akasema ijaribu kama inamtosha.

Ijumaa, 16 Novemba

Naandika bafuni. Nimejifungia. Sikupanga, nataka ijulikane – nilikuja kumwosha Kuikui uso, nikaona kitasa, kitasa kikaniona.

Nimekalia ukingo wa beseni la kuogea. Yeye amelala kwenye rundo la taulo sakafuni, anatafuna sega langu. Fulana yangu sijampa mtu. Nimeivaa.

Shangazi Cailian yuko chini kwenye teksi. Kashapiga honi mara mbili, kwa adabu. Bolin yuko mlangoni. Kwanza alikuwa anabembeleza – mama Kuikui, fungua tuongee. Sasa ndio anataka kuongea! Nikamwambia mtoto haendi, hiyo ndiyo habari yenyewe, mpelekee Cailian. Sasa anagonga kwa kiganja. Kikundini nako kunawaka: wameshaondoka? wameshaondoka? Nimeiweka simu ndani ya pipa la nguo chafu.

Nimesikia nyayo. Mama. Nikasema haya, shoka limefika.

Lakini kavuta kigoda. Kakaa kuegemea mlango kabisa, mbao zimelia. Naziona ndara zake kwenye mwanya wa chini.

Bolin: Mama, mwambie afungue, ndege haimsubiri mtu.

“Mtoto anaoga,” kasema Mama.

“Anaoga? Saa hizi?”

“Mchafu sana.”

Kuikui hajaloweshwa hata kidole. Bolin kasema basi asogee, atafungua mwenyewe. Mama hajasogea. Kamwambia mgongo unamuuma, akimaliza kupumzika atasogea.

Honi tena. Ndefu, hii haina adabu.

Mama kagonga mlango kwa kifundo cha kidole, chini kabisa, karibu na sakafu. Kanong'ona.

“Saiying. Fungulia maji.”