Uso Usiojua Kunyamaza

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeona ngoma ya sikio! Ya mtu hai, si ile ya kitabuni. Bi Umaima alinipa kurunzi ya masikio akaniambia nianze na sikio lake mwenyewe. Nikalivuta sikio juu kidogo na nyuma, nikachungulia — kijingozi chembamba kinang'aa kama ganda la ndani la kitunguu. Nikapiga ukelele. Akasema taratibu, Priscah, hilo unalolipigia kelele ni sikio.

Baada ya darasa lote lile, leo ndiyo mazoezi yameanza. Kituo chetu cha kupima usikivu ni kidogo, kiko Tononoka, juu ya duka la mikoba. Kuna chumba cha kimya, kuta zimevikwa sponji, na dirisha la kioo. Mpimaji hukaa upande wa pili na mashine, na kispika kidogo mezani kinamletea sauti za ndani. Bi Umaima ni mtu wa Mji wa Kale, mpole, lakini uso wake hausemi kitu. Sijui kama ananipenda au ananivumilia tu.

Jioni hapa Tudor ninapokaa nilitaka kumchungulia mwenzangu wa chumba kwa tochi ya simu. Amekataa. Amesema masikio yake ni siri yake.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimepima mtoto — mwenyewe!

Anaitwa Lewis, ana miaka minne. Mama yake ni fundi cherehani wa hapa hapa Tononoka. Mtoto ana maneno matatu: mama, maji, hapana. Mwalimu wa chekechea amesema asirudi darasani mpaka apimwe, maana hafuati analoambiwa. Mama Lewis hakukubali hata kukaa. Alisimama na mkoba wake kifuani.

Mtoto mdogo humwambii inua mkono ukisikia. Unacheza naye. Unampa kopo la maziwa na vizibo vya soda (nimeviokota mwenyewe sokoni Marikiti, muuza soda akanicheka). Unamvisha hedifoni, akisikia mlio, anatupa kizibo koponi. Tang. Mlio mwingine, tang.

Bi Umaima aliitwa kwa mgonjwa mwingine, nikabaki peke yangu nyuma ya kioo. Na Lewis hakukosa! Nikapunguza sauti — tang. Nikapunguza mpaka pale ambapo hata mimi ningebahatisha — tang. Ana macho makubwa, hayakubanduka kwangu, na kila akitupa tulikuwa tukichekeana. Nilitamani kupita kwenye kioo nikamkumbatie.

Majibu hutoa Bi Umaima. Najua. Lakini Mama Lewis aliniuliza mlangoni, dada, vipi? Nikashindwa. Nikamwambia anasikia, tena kutushinda sisi. Ndipo akakaa. Akacheka mpaka akafuta machozi, akasema kumbe ni utundu tu.

Sijawahi kupenda kazi namna hii.

Ijumaa, 5 Septemba

Bi Umaima ameitazama karatasi ya Lewis kwa muda mrefu. Ameuliza jambo moja tu: nilipokuwa nikibonyeza kitufe cha mlio, mtoto alikuwa akitazama wapi? Nikasema, mimi. Akasema Lewis arudi Jumanne.

Sielewi. Majibu ni mazuri!

Jumanne, 9 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Bi Umaima alinikalisha kwenye mashine, yeye akasimama nyuma ya Lewis, akawa ananitazama mimi. Nikabonyeza, tang. Nikabonyeza, tang. Akatoka akaja kuniinamia.

"Mwanangu, ukibonyeza wainua nyusi. Kisha wangoja kama mtu aloficha zawadi. Huyu yuwakusoma wewe. Mlio hausikii."

Akabandika karatasi kwenye kioo, kati ya uso wangu na wa mtoto. Haya, endelea.

Nikabonyeza. Kimya. Nikapandisha. Kimya. Nikapandisha mpaka ikawa kama mtu anakufokea sikioni, ndipo ikaja tang moja. Nilipochungulia pembeni ya karatasi alikuwa ameshika kizibo kingine shavuni, anautafuta uso wangu.

Ni masikio yote mawili, hayasikii ila sauti kubwa. Bi Umaima ndiye aliyemweleza mama mtu, polepole, mimi nimesimama ukutani. Lakini Mama Lewis alikuwa ananitazama mimi.

"Uliniambia anasikia. Nikimwita asigeuke, nikajua ni jeuri. Jana nimemchapa."

Nilienda kulia chooni. Bi Umaima akagonga, akasema nitoke, kesho kuna kalibu za masikio ya Lewis za kuchukua, za kuundia vifaa vyake vya kusikia, na nitazichukua mimi. Nikasema, baada ya haya? Akasema hasa baada ya haya. Furaha yangu hana ugomvi nayo, ila isikae kwenye kioo.

Jumatano, 10 Septemba

Kalibu zimetoka! Unatanguliza kipamba chenye uzi ndani ya sikio, kisha unajaza ile silikoni laini ya waridi, kama donge la chapati, na kungoja igande. Ubaridi ulimtekenya Lewis, akacheka na mabega. Likatoka sikio la ndani zima na kona zake, dogo kuliko korosho! Nilitaka kupiga ukelele. Nikaumeza.

Mama Lewis hakusema nami hata neno. Ana haki.

Nafanya mazoezi ya uso mbele ya kioo cha bafuni. Mwenzangu ameuliza kama nimefiwa.

Jumatano, 24 Septemba

Vifaa vimefika! Naandika hapa hapa, kwenye benchi nje ya mlango wa Bi Umaima.

Ni vya bluu, Lewis alichagua mwenyewe. Vilipowashwa aliganda, akashika meza. Hakulia wala hakucheka. Mama yake akaanza kumwita huku akimpungia mikono miwili, na mimi nimeachama. Bi Umaima akatutazama sote. Akasema kwa nyuso hizi leo hatutajua kitu, tokeni. Karatasi iko kwenye kioo, anapima mwenyewe. Na yeye hainui nyusi hata harusini.

Mama Lewis kakaa upande ule, mimi upande huu, mkoba wake katikati. Ameuliza naandika nini. Nimesema naupa uso wangu kazi. Hakucheka. Lakini ameuondoa mkoba.

Halafu akasema, bila kunitazama, "Nilimwomba msamaha siku ile, kwa kumchapa. Akanitazama tu. Leo nitarudia."

Tuktuk zinapiga honi chini.

Tang.

Imetoka kwenye kispika, nyuma ya mlango. Tumeshikana mikono, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi. Kizibo kimoja kinaweza kuwa kimemponyoka tu. Sasa Bi Umaima atakuwa anapunguza sauti, ndivyo inavyofuata. Mama Lewis ananitazama, anataka nimwambie. Nimeuinamisha uso kwenye daftari, nisije nikamwambia kabla ya Bi Umaima.