Mkaa wa Mjomba

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kinole tu wazima. Babu yako yuko uani anaanika karafuu.

Unauliza kama kodi ya kaboni inaweza kuwavuta watu wawekeze kwenye nishati safi. Mimi naujua ushuru wa mkaa tu. Nilipokuwa msichana, dada yangu Mwajuma aliukusanya pale kwenye kizuizi cha Mkuyuni. Mama Salma, muuza chai wa hapo kizuizini, alitamani mtambo wa kupikia kwa gesi ya samadi, lakini kila siku alisema, "Ngoja kwanza. Ushuru huu utakufa, mkaa utarudi kuwa rahisi."

Siku moja akaja mjomba wetu na magunia yake. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, neno lake halipingwi. Dada akapiga goti, akamwamkia, kisha akasema, "Mjomba, ushuru." Akaandika stakabadhi. Mjomba akalipa.

Mama Salma alipoona hata mjomba hakusamehewa, akajua ushuru hautakufa; akaliacha birika motoni, akaenda kumwita fundi wa mtambo wa gesi.

Kwa hiyo kodi inaweza, mjukuu wangu. Ila waulize walimu wako wa chuo: huko kwenu, mjomba naye analipa?

Bibi yako,
Hadija